Muulize Shangazi: Bikira Maria wa plastiki na saa inayoadhini

Shangazi shikamoo. Mimi nakusanya vile vitu vya dini vyenye mbwembwe kupita kiasi, nina rozari inayong'aa gizani, Yesu wa dashibodi mwenye taa za rangi, saa ya umbo la msikiti inayoadhini, na chupa ya Bikira Maria ambayo taji lake la bluu ndio kifuniko. Mke wangu anasema nachezea imani za watu. Na vikivunjika natupa wapi?
Baba Junior, Bwaise

Marahaba Baba Junior. Kwanza nimecheka, maana hiyo chupa naijua. Inatoka Lourdes kule Ufaransa, pale msichana Bernadette alipoona maono ya Bikira Maria mwaka 1858, sasa mahujaji wanataka kubeba maji ya ile chemchemi hadi nyumbani, utayabeba na nini? Ndio wakatengeneza chupa yenye sura ya Mama mwenyewe, unafungua taji unamimina, na mtu anayeinunua wala haoni kichekesho hata kidogo, anamfikiria mgonjwa aliyemwacha kitandani.

Hapo ndipo mke wako ana hoja, ila si yote. Nenda Namugongo tarehe 3 Juni, kwenye hija ya mashahidi wa Uganda waliouawa kwa imani yao, uangalie, kuna watu wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, miguu imevimba, na shilingi chache zilizobaki wananunua rozari ya plastiki ya kijani kali kwa mama aliyetandika turubai barabarani. Huyo hana hela ya sanamu ya mbao iliyochongwa. Hayo mambo ya kusema kitu ni cha kishamba mara nyingi ni ya sisi wenye kabati, haya na mimi nimo. Kwa hiyo kusanya tu, lakini ukiwaonyesha wageni waeleze kimetoka wapi na kinafanya kazi gani, usiishie kwenye kuchekesha.

Sasa ujue kuna kilichobarikiwa na ambacho bado. Kwa Wakatoliki rozari ikishauzwa, rehema zilizoambatana nayo (yaani kusamehewa adhabu ya dhambi) zinakatika, ndio maana watu wananunua kwanza halafu wanampelekea padri. Kama hiyo rozari yako imebarikiwa itoe kwenye kabati la maonyesho, hiyo ni ya kusalia. Ikivunjika usiipeleke jalalani, ichome au izike. Karatasi zenye aya za Qur'ani nazo ni hivyo hivyo, zizike mahali safi. Yesu wa taa ambaye hakuwahi kubarikiwa, akiungua waya ni kazi ya fundi wa redio. Na mtu akikuletea kipande cha mfupa anasema ni cha shahidi wa Uganda, kimbia, sheria ya Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu, na zaidi ya hapo huyo ni tapeli.

Ukitaka kitu cha maana tafuta fulana na kofia za ziara ya Papa Francis hapa Uganda ya Novemba 2015, watu sasa hivi wanalimia nazo. Na ukipata chochote cha ziara ya Papa Paulo wa Sita ya 1969, yule aliyewatangaza mashahidi wetu 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, usikiachie hata wakikuombea nini.

Shangazi, saa yangu ya adhana inaita magharibi jua bado liko juu, majirani wananicheka.
Hajati, Bombo

Hajati, hiyo saa bado iko Makka! Saa zetu na zao ni moja ndio, lakini wao wako mashariki yetu na mbali kaskazini, kwa hiyo jua halizami pamoja, na miezi ya mwisho wa mwaka kwao linazama mapema sana kuliko hapa. Ingia kwenye orodha ya miji uchague Kampala, kama haimo jaribu Entebbe. Halafu punguza sauti ya alfajiri, mama, kuna watoto wachanga mtaani.