Beseni hukauka kabla ya ndoo

Dada, umeuliza kwa nini lita 10 ulizoacha uani hapo Mbagala zimepungua upesi kwenye beseni kuliko kwenye ndoo. Maji huondoka kwa juu tu, pale yanapogusana na hewa. Beseni la kipenyo cha sentimita 40 lina uso wa takriban sentimita za mraba 1,250. Ndoo ya sentimita 28, kama 615. Kina kikishuka milimita 4, beseni limepoteza nusu lita, ndoo robo tu. Tena maji yakishuka ndani ya ndoo, kuta zake hukinga upepo na mvuke unatuama humo humo.

Ukitaka kupima, weka vyote kivulini, chovya rula kila asubuhi. Kimoja kikipigwa jua, jaribio limeharibika. Maji ya akiba tia kwenye dumu, ukaze kifuniko, mbu nao wasipate pa kutagia.