Maswali yenu: kona ya mwisho kabla ya kutua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi

*Mwalimu, injini ikiwa nzima, ndege ndogo inaangukaje? (Baba, Katuba)*

Baba, anayebeba ndege ni bawa, wala si injini. Rubani akivuta usukani mno, pembe ya bawa na upepo ikapita digrii 15 hivi, hewa inaachana na bawa, nalo linaacha kubeba. Huku kwetu tunaita dekroshaji. Kona inaileta karibu: ndege ikilalia ubavu digrii 60 bila kushuka, bawa linabeba uzito maradufu. Ile iliyokuwa ikidondoka chini ya kilomita 90 kwa saa sasa inadondoka chini ya 127. Ukiwa juu sana unalegeza usukani, pua inashuka, bawa linashika hewa tena. Karibu na miti, nafasi hiyo huna.

*Ninajifunza urubani. Kwenye kona ya mwisho mstari wa kiwanja hunipita kila mara. Nikaze kona? (Mwanafunzi, Kampemba)*

Usikaze, mwanangu. Tia nguvu injini, nyoosha mabawa, panda, uzunguke upya. Hakuna aibu.

Wengi huogopa kulaza ndege ubavu wakiwa karibu na ardhi, basi huisukuma pua kwa pedali ya ndani, yaani ya upande wa kona, huku wakizuia bawa lisilale zaidi. Bawa la ndani linadondoka kwanza, ndege inajisokota. Cessna ndogo ikiingia kwenye msokoto huo inaweza kula mita 300 kabla hujainyoosha, na kona ile hupigwa chini ya hapo.

Kwa nini mstari unakupita? Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba hewa yetu ni nyepesi: kipima mwendo kinasoma vilevile, lakini unakwenda kasi kama asilimia 10 zaidi, na kona inapanuka. Jicho linaona miti inakimbia, linakushawishi upunguze. Amini kipimo, anza kona mapema.

*Kengele ya onyo la dekroshaji ikilia?*

Legeza usukani papo hapo.

*Mjomba hupita chini sana juu ya shamba letu kutusalimia. (Dada, Kipushi)*

Mwombe aache, dada, leo hii. Macho yake yako kwenu, hayako kwenye kipimo; kisha anavuta ghafla kukwepa miti na kugeuka awaone tena. Kuvuta na kugeuka kwa pamoja ndiko kunakoua. Watoto nao wasitoke kumpungia, maana akishangiliwa atarudi.