Kabla hujatuma CV ya Kifaransa

CV nyingi za Kifaransa zinazonifikia hapa Arusha zimechapwa steshenari kwa Kiingereza, kisha zikapitishwa kwenye programu ya kutafsiri. Naongoza wageni wanaozungumza Kifaransa, na kampuni yetu ikitafuta guide hunipa CV nizipitie kwanza. Jamani, hatutafuti Kifaransa cha mbwembwe. Tunatafuta mtu ambaye kilichoko kwenye karatasi ndicho kitakachomtoka mdomoni.

Ndiyo maana nianzapo kusoma, naruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Langues". Andika ngazi yako kwa kipimo cha Ulaya, A1 (anayeanza) hadi C2 (aliyebobea), na kama ulifanya DELF, mtihani wa kupima Kifaransa, utaje pamoja na mwaka. B1 ya kweli nitaipigania. C1 ya uongo inakufa kwenye usaili, pale unapoulizwa kwa Kifaransa kwa nini nyumbu wanahama.

Kwenye "Expérience professionnelle" usiandike "nilifanya hiki, nilifanya kile". Wafaransa huanza na kazi yenyewe: "Accompagnement de groupes francophones, Tarangire et Ngorongoro", kisha tarehe, mwezi kwa herufi ndogo: "juin 2023". Dada zangu, simu ikikuandikia "guide accompagnateur", wewe weka "accompagnatrice". "Diplômé" nayo iwe "diplômée". Ukiacha vilevile, anayesoma anajua hukuipitia. Na leseni ya udereva ni "permis de conduire". Ukiandika "licence" umedai una shahada.

Alama za herufi zina uzito. Kwenye simu bonyeza e kwa muda, é itatokea. Ukimaliza, hifadhi kwa PDF.

Dini, idadi ya watoto na wale wadhamini watatu, toa. Picha ni hiari. Ukurasa mmoja unamtosha kijana anayeanza kazi. Cheti cha kidato cha nne kiache na jina lake, CSEE, ukieleze kwa maneno machache ya Kifaransa, usikiite "baccalauréat", kile ni cheti cha kumaliza sekondari ya juu Ufaransa.

Kwa wanaolenga Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, au Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), ambayo wakuu wake walikipitisha Kifaransa kuwa lugha rasmi mwaka 2021: soma tangazo kwanza, huenda wanataka ujaze fomu yao.

Halafu tafuta mtu anayekijua Kifaransa, pale Alliance Française hutamkosa, umsomee CV yako kwa sauti naye akuulize maswali. Mstari utakaokushinda kuueleza, uandike upya kwa maneno mepesi unayoyamudu.