Tezi dume: muulize kwanza, huyo aliyepona aliumwa nini?

Wiki ambayo Baba aliambiwa ana saratani ya tezi dume, simu yangu ilijaa dawa. Baba mdogo alituma sauti ndefu kuhusu majani ya mstafeli. Mzee wa kanisa akashauri habbatsoda na asali. Jirani akaleta unga wa mlonge kwenye kopo, na binamu akatuma video ya mtu anayesema magadi ya kuokea yakichanganywa na ndimu "yanaua asidi inayolisha saratani". Hakuna hata mmoja wao aliyetaka kutuuzia kitu. Walikuwa wanampenda Baba, na kila mmoja alikuwa na shahidi wake: fulani wa mahali fulani alikuwa hoi, akanywa, leo analima.

Naandika kwa ajili ya wewe ambaye simu yako inajaa hivyo wiki hii. Kati ya yote niliyojifunza nikimuuguza Baba, lililotusaidia zaidi ni swali moja, nalo niliwauliza watu wa dawa za asili na madaktari vilevile: huyo aliyepona, aliumwa nini hasa, na ilijulikanaje?

Tezi dume iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanaume anapozeeka, tezi hii kwa kawaida hukua. Ikikua inabana njia: mkojo unakatikakatika, unaamka usiku mara kwa mara, unahisi hujamaliza. Wazee wengi wenye dalili hizi hawana saratani. Wana uvimbe wa kawaida wa uzee, au wana maambukizi yanayotibika kwa antibayotiki. Saratani yenyewe, ikiwa changa, mara nyingi haioneshi dalili yoyote. Lakini mitaani magonjwa haya yote matatu yanaitwa "ana tezi dume", kwa hiyo ushuhuda wa ugonjwa mmoja unabebwa kama ushahidi wa ugonjwa mwingine.

Nilimpigia Baba mdogo na kumwomba kwa heshima aniunganishe na yule shahidi wake. Mzee huyo alinipokea vizuri sana. Alikuwa amepigwa ultrasaundi, akaambiwa tezi imekua. Hakuwahi kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya tezi, kikapimwa maabara, wala hakuna daktari aliyemwambia ana saratani. Alikunywa majani, mkojo ukafunguka, akashukuru Mungu. Namwamini kabisa. Ila dalili za tezi iliyokua hupanda na kushuka zenyewe hata bila dawa, na habari yake haikuwa na lolote la kutuambia kuhusu ugonjwa wa Baba.

Kipimo cha damu cha PSA nacho kina mtego wake. Kinapanda kwa saratani, lakini kinapanda pia kwa maambukizi, kwa tezi kukua tu, na kwa mtu aliyetoka kuwekewa mpira wa mkojo. Maambukizi yakiisha, namba inashuka. Chochote ulichokuwa unakunywa wiki hizo kitapewa sifa. Ndiyo maana namba ya PSA peke yake, iliyopanda au iliyoshuka, haitoshi kumtangaza mtu mgonjwa wala mzima. Saratani ya tezi dume inathibitishwa kwa kinyama.

Sitaki nieleweke kwamba miti haina kitu. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, na katika misitu ya mlima wetu unaota mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Wakikuyu wanauita muiri. Gome lake limetumiwa na wazee kwa vizazi, na kwa miongo mingi limesafirishwa Ulaya kutengenezea vidonge vya tezi dume. Limechunwa mno kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Wachunguzi walipokusanya majaribio yaliyofanywa kwa gome hilo, katika mapitio ya Cochrane ya 2002, waliona linapunguza kiasi safari za chooni usiku na linaboresha kidogo mtiririko wa mkojo. Hayo yalikuwa majaribio kwa watu wenye tezi iliyokua. Hayakuhusu saratani. Mtu akikuuzia gome hilo kwa saratani, amechukua habari njema ya ugonjwa mmoja akaibandika kwenye mwingine.

Wazee nyumbani waliniuliza, mbona Loliondo? Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, wanywe dawa yake ya miti, kikombe shilingi 500. Sina neno baya juu ya watu waliokwenda kule na imani yao. Ninachosema ni kwamba waliopata nafuu walirudi wakasimulia, na waliokufa hawakuwa na nafasi ya kusimulia. Asiyekuwapo na lake halipo. Ukitaka kujua dawa inafanya kazi, lazima mtu awe amehesabu wote waliokunywa, hata wale wasiorudi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linawachanganya watu kuliko yote. Saratani nyingi za tezi dume zinakwenda polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa wagonjwa 281 nchini Marekani waliochagua tiba mbadala peke yake, wakawalinganisha na waliotibiwa hospitali. Kwa saratani ya matiti, waliokataa hospitali walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5. Kwa utumbo mpana na mapafu tofauti ilikuwa kubwa pia. Kwa tezi dume, katika miaka ile michache ya ufuatiliaji, tofauti haikuonekana wazi.

Soma hilo mara mbili, maana linaweza kutumiwa vibaya. Halisemi kwamba majani yanatibu tezi dume. Linasema kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa miaka mitano mtu anatembea, anakula, anasali, awe amekunywa majani au maji matupu. Muuza dawa yeyote atakuwa na mashahidi wazuri wa miaka mitatu, minne. Ndiyo sababu ushuhuda wa tezi dume ni dhaifu hata pale ambapo saratani ilithibitishwa kweli. Uliza: ni miaka mingapi imepita, na saratani yake ilikuwa ya aina gani?

Na hapo ndipo nilipogeukia hospitali kwa swali lilelile. Daktari akisema "tukate" au "tupige mionzi", una haki ya kuuliza tukisubiri itakuwaje. Uingereza walifanya jaribio linaloitwa ProtecT: wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa kwa PSA, wengi ikiwa bado ndani ya tezi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walifuatiliwa kwa vipimo tu, wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine mionzi. Baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takribani 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Lakini waliofuatiliwa tu, saratani ilisambaa kwa takribani 9 katika 100, wakati kwa waliotibiwa mapema ilikuwa kama 5. Na waliotibiwa walilipa gharama yao: mkojo kuvuja, nguvu za kiume kupungua, matatizo ya haja kubwa kwa waliopigwa mionzi. Kwa hiyo kusubiri kunaweza kuwa tiba halali kabisa, mradi kuwe na vipimo na daktari anayefuatilia. Kusubiri ukiwa umefichama na chupa ya mitishamba bila kupima ni kitu kingine.

Kwa hiyo omba majibu ya kinyama uyasome. Kuna alama ya Gleason, inayoonesha ukali wa saratani: 6 ni ya upole, 8 hadi 10 ni kali. Uliza kama imetoka nje ya tezi. Majibu hayo mawili ndiyo yanayoamua kama una muda wa kufikiri au huna.

Baba hakuwa na muda. Ilikuwa imefika kwenye mifupa. Tiba aliyopewa kwanza ilikuwa ya kuzima homoni ya kiume, maana saratani hii inalishwa na homoni hiyo. Jambo hili lilioneshwa na Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Njia ni mbili: kuondolewa korodani kwa upasuaji mdogo, ambao ni mara moja na wa bei nafuu, au sindano zinazorudiwa kila baada ya miezi kadhaa, ambazo zinagharimu na lazima zisikosekane.

Hapa ndipo Baba alipokaribia kutuacha na kumfuata mganga. Katika hospitali ile ya kwanza aliambiwa habari ya korodani kwa sentensi moja, mlango ukiwa wazi, mimi mwanawe nikiwa nimekaa pembeni. Hakuna aliyemweleza kwamba hamu ya tendo itapungua, kwamba atapata joto la ghafla mwilini kama wanawake waliokoma hedhi, kwamba atanenepa, mifupa italegea na sukari inaweza kupanda. Mganga aliyependekezwa na rafiki yake alimkalisha chini jioni nzima, akamuuliza habari za mkewe, za usingizi, za hofu. Aliahidi kumponya bila kugusa uanaume wake. Ungekuwa wewe, ungemsikiliza nani?

Kwa hiyo, kama mgonjwa wako anakimbia hospitali, usianze kumgombeza kwa ujinga. Tafuta ni nini ambacho hakuambiwa. Sisi tulimtafutia Baba nesi wa kiume mtu mzima, wakazungumza peke yao, Mama akaingia baadaye. Baba alichagua sindano. Maumivu ya mgongo yaliyokuwa yanamnyima usingizi yalipungua.

Watu husema dawa za asili "hata zisiposaidia hazidhuru". Huko Marekani kulikuwa na vidonge vilivyoitwa PC-SPES, mchanganyiko wa mitishamba minane. Wanaume walivinywa, na PSA zao zilishuka kweli. Walipovipima maabara wakakuta ndani mna homoni ya kike ya kutengenezwa, pamoja na warfarin, dawa ya kuyeyusha damu, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Vikaondolewa sokoni mwaka 2002. Kwamba vinashusha PSA haukuwa uongo; uongo ulikuwa juu ya kilichomo, na mtu anayemeza homoni bila kujua anaweza kuganda damu mguuni au kwenye mapafu bila yeyote kujua sababu.

Vitamini nazo zilipimwa. Jaribio la SELECT liliwagawa wanaume zaidi ya 35,000: wengine vitamini E, wengine madini ya seleniamu, wengine vyote viwili, wengine vidonge vitupu, kwa matumaini ya kuzuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba waliokunywa vitamini E peke yake waliugua zaidi kwa asilimia 17 kuliko waliokunywa vidonge vitupu. Na stafeli, tunda tunalolipenda sote: kisiwani Guadeloupe madaktari waliuhusisha ulaji mwingi wa tunda hilo, pamoja na chai ya majani yake, na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Kula stafeli lako kwa kiasi. Kunywa majani yake yaliyochemshwa kila siku kwa miezi ni jambo jingine. Ama magadi na ndimu, asidi ya damu inalindwa na mapafu na figo ndani ya mpaka mwembamba sana, na hakuna kinywaji cha jikoni kinachoibadilisha kwa faida. Mgonjwa ambaye figo zimeshabanwa na mkojo unaorudi nyuma anaweza kuumizwa na chumvi iliyo kwenye magadi hayo.

Wanaodhani madaktari wanadharau mimea wajue kwamba docetaxel, dawa ya dripu ambayo tangu 2004 inajulikana kuwaongezea maisha wenye tezi dume iliyosambaa, inatengenezwa kutokana na majani ya mti wa Ulaya. Iliheshimiwa kwa sababu ilipimwa kwa watu wengi, kipimo cha dozi kikajulikana, na madhara yake yakaandikwa.

Nyumbani tulikubaliana hivi na Baba: chai ya tangawizi, asali, maombi, kutembea asubuhi, vyakula vya nyumbani, hivyo vyote viendelee. Chochote cha kunywa kama dawa, daktari akione kwanza, na kopo liende kliniki ndani ya mfuko. Daktari mmoja alikunja uso, mwingine akasoma kila neno kwenye kopo na kutuonya kuhusu dawa moja. Huyo wa pili ndiye tuliyeendelea naye.

Kuna mambo mengine hayasubiri mjadala wa tiba gani. Mgonjwa wa tezi dume akishindwa kabisa kukojoa, au miguu ikianza kulegea na kufa ganzi, hasa pamoja na maumivu mapya ya mgongo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Saratani ikibana uti wa mgongo, saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena.

Na kama baba yako au ndugu yako wa kiume ameugua, wewe uko kwenye hatari kubwa kuliko wenzako, na sisi watu weusi tayari tuko juu. Kuanzia miaka 45 zungumza na daktari kuhusu PSA, ukijua kwamba kipimo hicho kinaweza kukuletea wasiwasi wa bure kama kinavyoweza kukuokoa. Kaka zangu wawili wameshapima. Mdogo wetu bado anasema hana dalili yoyote, nami namjibu kwamba Baba naye hakuwa nazo mpaka mgongo ulipoanza kuuma.