Baruti ya zamani iliyoacha kutengenezwa: ipi ujazie, ipi umwage

Ndugu, umesema umerithi makopo mawili. Moja ni H870, lebo yake nzima na kifuniko hakijawahi kufunguliwa. La pili limeandikwa 4831, lebo imechanika, na hujui kama ni ya Hodgdon au ya DuPont, kampuni mbili za baruti. Unauliza kama vipimo vya kujaza baruti vya kitabu kipya vinafaa kwa risasi za bunduki za .270 Winchester na 7mm Remington Magnum. Jibu la haraka: hiyo H870 huenda ikatumika, kwa vipimo vya wakati wake tu. Hiyo 4831 usiijazie ganda lolote, hata ikiwa mbichi kama imetoka kiwandani jana.

Nianze na hiyo ya pili, maana ndiyo inayoweza kukuumiza. 4831 ya mwanzo ilikuwa baruti ya kijeshi ya Marekani, ya mizinga ya milimita 20. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Bruce Hodgdon alinunua akiba hiyo ya jeshi na kuiuza kwa wanaojaza risasi wenyewe, na wengi wakaizoea kwa jina la 4831 tu. Miaka ya 1970 DuPont nao wakatoa IMR 4831, IMR ikiwa chapa yao. Namba ni ile ile, na vijiti vyake ukivitazama huwezi kuvitofautisha, lakini IMR 4831 inaungua haraka zaidi. Ukichukua kipimo cha juu cha H4831 (ile ya Hodgdon) ukakijaza kwa IMR 4831, presha inapita kiwango ambacho bunduki imepimwa kuhimili. Mtego huo huo upo kwenye 4350, 4895 na 4198: kila moja ina ya IMR na ya H, na kila moja ina jedwali lake. Herufi zilizo mbele ya namba ni sehemu ya jina. Lebo ikipoteza herufi, baruti imepoteza jina, na hakuna kipimo cha baruti isiyo na jina.

Wapo watakaokushauri uilinganishe na baruti unayoijua kwa rangi au urefu wa vijiti, au uwashe kidogo hewani uone inavyoungua. Usiwasikilize. Kasi ya kuungua ndani ya chemba inategemea presha na kemikali zilizopakwa juu ya punje kuichelewesha, na hayo mawili jicho haliyaoni. Jedwali la kasi za baruti nalo linaonyesha mpangilio tu, ipi ya haraka na ipi ya polepole. Halisemi ni kwa kiasi gani, kwa hiyo halikupi kipimo.

Sasa suala la umri. Miaka peke yake haiharibu baruti isiyo na moshi. Joto ndilo adui wake mkubwa. Nitroselulosi huvunjika polepole tangu siku inapotengenezwa, ikitoa gesi za oksidi za nitrojeni. Zikibaki ndani ya kopo na kukutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuvunjika kwa baruti iliyobaki. Ndiyo maana kiwandani huongezwa kemikali ya kuzinasa gesi hizo. Iliyozoeleka ni difenilamini. Kemikali hiyo hutumika kidogo kidogo. Ikiisha, baruti iliyokaa vizuri kwa miongo inaweza kuharibika kwa kasi. Kopo lililokaa kabatini kwenye ubaridi linaweza kuwa zima baada ya nusu karne, na lililokaa chini ya bati la moto likafa mapema sana.

Fungua kopo nje au penye hewa nyingi, mbali na moto, uso ukiwa pembeni. Baruti nzima inanukia etha au spiriti kwa mbali. Iliyooza ina harufu chungu inayochoma pua, kama asidi. Ukiona moshi mwekundu wa kahawia ukitoka mdomoni mwa kopo, ondoka, na usiinamie kunusa mara ya pili. Kisha mimina kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe kwenye mwanga mkali. Punje nzima zinang'aa kidogo, zinateleza na hazishikamani. Vumbi jekundu kama la kutu, punje zilizogandamana au zinazonata, kutu ndani ya kopo wakati nje ni safi, kifuniko kilicholiwa au kilichovimba: kimojawapo tu kinatosha kuitupa. Unaweza pia kuning'iniza karatasi ya litmasi ya bluu iliyoloweshwa kidogo juu ya baruti ndani ya chupa ya kioo. Ikigeuka nyekundu, asidi ipo. Isipogeuka haina maana baruti ni nzima, kwa hiyo usiitumie kuokoa kopo ambalo pua imeshalikataa. Na usipashe baruti joto kwa lengo lolote, iwe kuikausha au kuijaribu.

Kukauka nako wengi wanakusahau. Baruti hutoka kiwandani na unyevu kidogo ndani yake. Kopo likiwa halikufungwa sawasawa mahali pakavu, unyevu unatoka, baruti inaungua haraka zaidi na presha inapanda kwa kipimo kile kile. Aidha, zile kemikali za kuchelewesha moto zilizo juu ya punje zinaweza kuzama ndani kadiri miaka inavyokwenda, na uso ukabaki mkali kuliko ulivyokusudiwa. Kwa hiyo wanaosema baruti ya zamani hudhoofika tu hawajasema yote. Kasi ya risasi inaweza kushuka, na presha inaweza kupanda.

Ikiwa H870 yako imepita ukaguzi, tafuta kitabu cha vipimo kilichochapishwa ilipokuwa bado inauzwa, chenye jina hilo hilo, uzito ule ule wa kichwa cha risasi na aina ile ile ya fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda). Ni baruti ya punje za mviringo, ya polepole mno, iliyokusudiwa maganda makubwa yenye shingo nyembamba. Kwa 7mm Remington Magnum na vichwa vizito ina nafasi. Kwenye .270 uiache. Usitumie vipimo vya baruti nyingine kama WC 872 wala US 869 kwa hoja kwamba zinakaribiana.

Anza na kipimo cha kuanzia cha kitabu. Kitabu kikitoa cha juu pekee, punguza asilimia 10: cha juu kikiwa greni 60.0, unaanza 54.0 (huo ni mfano wa hesabu, usiuchukue kama kipimo cha kujaza). Panda kwa greni 0.5, ukikaribia juu panda kwa 0.3. Baruti ya punje za mviringo ya polepole kama hii usiishushe chini ya kipimo cha kuanzia. Ganda likibaki na nafasi kubwa, fataki haiwashi vizuri. Kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu, au presha ikaruka juu ghafla. Fataki za magnamu zinahitajika, kwa sababu punje hizi ni ngumu kushika moto. Mizani iwe inasoma greni 0.1, yaani kama miligramu 6.5, mizani ya jikoni haifai kabisa. Mezani pakae kopo moja tu la baruti, na kilichobaki kwenye kipimio kirudi kwenye kopo lake kabla hujafungua jingine.

Piga ukitumia kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Nazisisitizia namba kuliko dalili za ganda, kwa kuwa fataki iliyobapa, alama ya kitoa ganda kwenye kitako, au komeo linalofunguka kwa nguvu huja wakati presha imeshazidi. Kasi ikifika ile ya kitabu kabla kipimo hakijafika, umefika mwisho. Kasi zikitawanyika ovyo kati ya risasi na risasi ilhali umepima kwa makini, baruti si ya kuaminika. Acha hapo. Jaza chache za kutumia karibuni, usizirundike. Baruti inayoanza kuoza ndani ya ganda inakula shaba, shingo zinapasuka na unga wa kijani unatokea pembeni ya kichwa. Usiichanganye na baruti mpya ili kuiongeza.

Kuhifadhi: kopo lake la asili, mahali pa baridi na pakavu, kabati la mbao. Sanduku la chuma lisilopitisha hewa ni hatari, maana baruti ikishika moto ndani yake presha haina pa kutokea.

Hiyo 4831 imwage. Itandaze nyembamba juu ya udongo au majani, mbali na nyumba na moto, mvua iioze taratibu. Ina nitrojeni na mimea haitaichukia. Usiitupe na kopo kwenye taka wala kuimwaga chooni. Ikiwa imeshaanza kutoa moshi au kopo lina joto, usiibebe kwenye gari. Piga simu polisi au zimamoto, uwaambie ni baruti inayooza, waje wenyewe.