Kulabu ya Mashindano ya Kuvuta: Iweke Wapi, Uichomeleeje

Vijana wa hapa Malaba wakiniletea pikapu wanayotaka kuingiza kwenye mashindano ya kuvuta, maneno yao huanzia kwenye injini. Wanataka turbo, wanataka pampu ya dizeli ifunguliwe, wanataka bomba la moshi likatwe. Mimi huzunguka nyuma ya gari, nikapiga magoti na kutazama mahali mnyororo utakapofungwa. Nguvu yote inayotoka kwenye injini, ikapita kwenye klachi, gia na difu, mwisho wake ni tundu moja la chuma, ndiyo kulabu yenyewe. Tundu hilo likikaa pabaya, pesa yote uliyotia mbele imepotea, na kuna siku mtu ataumia.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: umekomaa Marekani, ambako chama cha kitaifa cha wavutaji kwa matrekta kiliundwa mwaka 1969, kisha pikapu na malori yakafuata. Gari hufungwa kwenye sleji, yaani mkokoteni wa kuburutwa wenye sanduku zito. Sleji ikianza kutembea, sanduku husogea kutoka nyuma kuja mbele, kwa hiyo kila mita unayopiga mzigo unazidi kukugandamiza chini. Uwanja wao ni futi 300, karibu mita 91, na anayefika mwisho amemaliza. Sisi huku tuliunga sleji yetu kutokana na chasisi ya trela iliyokufa, tukaipakia mapipa ya maramu, tukatafuta kiwanja kigumu ambako mwamba wa Tororo unaonekana kwa mbali. Haina sanduku linalotembea, lakini inatosha kumfundisha mtu adabu.

Gari la kwanza kulifanyia kazi hii lilikuwa Hilux ya dizeli ya shemeji yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba kulabu ikiwa juu gari linashika ardhi vizuri, basi nikajenga fremu nyuma na kuiweka sentimita 80 kutoka chini. Mnyororo ulikuwa umelegea, shemeji akaachia klachi kwa ghafla. Gari likavutwa nyuma kwa mshtuko, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, na yaliporudi chini usukani ulikuwa umekatwa upande. Likasimama hatua chache kutoka waliposimama watoto waliokuja kutazama. Shemeji alishuka kimya, akaenda kukaa juu ya tairi la akiba. Hakunilaumu hata kidogo, na mimi usiku ule sikulala.

Wiki iliyofuata nikaishusha mpaka sentimita 40. Mbele palitulia tuli, ila magurudumu ya nyuma yakawa yanasugua maramu tu mpaka ikang'aa. Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha nikachukua kalamu.

Hesabu ni fupi, kila fundi anaiweza. Chukua nguvu ya mnyororo, zidisha kwa kimo cha kulabu, gawanya kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Jibu ni uzito unaohama kutoka mbele kwenda nyuma. Gari lile lina mita 2.85 kati ya ekseli. Mnyororo ukivuta sawa na ardhi kwa kilo 1,200 na kulabu iko sentimita 40, zinahama kilo 168. Ukiipandisha hadi sentimita 66 zinahama kilo 278. Tofauti yake ni kilo 110, zaidi ya gunia zima la mahindi, na hujaongeza chochote kwenye bodi. Ukifika sentimita 80 ni kilo 337, tena hiyo ni kwa mvuto wa taratibu. Mshtuko wa mnyororo uliolegea unaweza kuizidisha nguvu ile mara mbili kwa sekunde moja, na ndiyo sababu gari la shemeji lilisimama kama farasi.

Sentimita 66 sikuzitoa hewani. Makundi mengi ya mashindano ya pikapu za kuvuta kwa magurudumu manne kule Marekani yanakataza kulabu kuzidi inchi 26, na inchi 26 ndizo sentimita 66. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne, ushauri wangu ni huu: panda karibu na kimo hicho, kisha irudishie mbele uzito wake kwa vyuma. Ukining'iniza kilo 100 kwenye fremu iliyo sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo itahisi karibu kilo 132, maana nyuma imepunguziwa kama kilo 32. Tulipofanya hivyo, magurudumu yote manne yalikula ardhi kwa pamoja. Kwa gari linalovuta kwa nyuma peke yake hesabu ni nyingine: hapo unataka mbele pawe pepesi, lakini usipoteze usukani.

Kuhusu umbali nyuma ya ekseli, kanuni za mashindano huweka umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa, huwezi kuisogelea ekseli zaidi ya hapo, na kila mvutaji hukaa palepale kwenye mpaka. Sababu ni kwamba mnyororo hauendi sawa na ardhi, unateremka kuelekea kwenye sleji, kwa hiyo unaivuta kulabu chini pia. Kadiri kulabu inavyoning'inia mbali nyuma, ndivyo ule mvuto wa chini unavyogeuka kuwa wenzo wa kuinua pua ya gari. Tena sleji ikienda upande, kulabu ndefu huuzungusha mkia wa gari kama mkia wa mamba. Sogeza karibu na ekseli kadiri kanuni za siku hiyo zinavyokuruhusu, na usiende kwenye kiwanja bila kuzisoma.

Lakini usije ukaifunga kwenye ekseli yenyewe au juu yake. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa matrekta ya miwa upande wa Jinja, na jambo alilolirudia mpaka tukalishika ni kwamba trekta linalovuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli ya nyuma huzunguka juu ya magurudumu yake na kumlalia dereva. Linachukua muda mfupi kuliko wa kukanyaga klachi. Pikapu ni ndefu na mbele yake ni nzito, hivyo haigeuki kirahisi namna hiyo, ila kanuni ni ileile. Kulabu ifungwe kwenye chasisi, nyuma ya ekseli, ikiwa imetulia kabisa: isicheze juu wala chini, wala kulia wala kushoto.

Kipimo chukua gari likiwa limebeba kila kitu: dereva ndani, mafuta ya siku hiyo, vyuma vya mbele, upepo wa tairi utakaotumia. Mimi huegesha kwenye sakafu ya saruji, naweka pima maji juu ya kulabu, napima kwa futi mpaka katikati ya tundu, naandika kwa chaki kwenye bampa. Halafu nampandisha kijana kwenye bodi nipime tena. Springi za nyuma zikibonyea sentimita 7, umezipoteza sentimita 7 za kimo katikati ya mashindano bila kujua. Ndiyo maana kanuni zikiruhusu tunaweka vizuizi vya paipu nene kati ya ekseli na chasisi, vinavyofungwa kwa bolti, ili jioni viondolewe na gari lirudi kubeba matoke.

Sasa chuma. Tafadhali, usitumie springi ya lori. Najua ipo kwenye kila lundo la skrepa kuanzia hapa hadi Katwe, najua ni ngumu na bei yake ni ndogo. Ugumu huo ndio ubaya wake: ukiichomelea, pembeni ya mshono inakuwa kama kioo, na siku ya mshtuko inakatika bila kupinda kwanza. Tafuta pleti ya chuma laini ya milimita 12 au zaidi, chuma kinachopinda kabla ya kukatika, ili ukione kinavyokuonya. Bolti ziwe na alama 8.8 au 10.9 kichwani. Isiyo na alama iache ifunge lango la mbuzi. Matundu yatoboe kwenye ubavu wa chasisi, uiache midomo ya juu na ya chini bila tundu, kwa sababu midomo ndiyo inayobeba mzigo wa kupinda. Nyuma ya kila bolti weka pleti ya kusambaza nguvu. Na usichomelee mshono unaokatiza chasisi. Joto lake huidhoofisha palepale unapoitegemea.

Vijiti vya kuchomelea, ukipata vya namba 7018 vitumie, mradi viwe vikavu. Vikishika unyevu, na huku kwetu mvua haimwulizi mtu, vinaingiza gesi kwenye mshono na ufa huja wenyewe baadaye. Umeme ukiwa mdogo jioni, wakati mji mzima umewasha taa, acha kazi mpaka asubuhi. Mshono uliochomwa kwa umeme dhaifu unang'aa juu na ndani haujashika. Na toa waya za betri kabla ya kuanza, usije ukaua alteneta ya mtu.

Kuna kitu kimoja siwezi kukubaliana nacho hata uniongezee pesa: kuvuta kwa ile mpira ya chuma ya trela, lile duara la nyuma ya gari linalokaliwa na shingo ya trela. Mdogo wangu alikuwa njia ya Kapchorwa kipindi cha mvua, wakamwomba aivute lori lililozama. Wakafunga mkanda kwenye ile mpira, gari likachukua mbio kidogo, shingo ya mpira ikakatika. Mkanda uliokuwa umevutika ukairusha kama jiwe la teo. Ilipita juu ya vichwa vya watu na kutoboa mlango wa bodi ya gari jingine. Niliutia mkono wangu kwenye lile tundu. Linaingia ngumi. Mpira ile imeundwa kubeba trela inayofuata nyuma polepole. Mshtuko si kazi yake. Kwenye kuvuta, tumia tundu lililofunga pande zote kwenye pleti nene, shekeli yenye uzito wake umeandikwa, na mnyororo wa kunyanyulia, sio wa kufungia ng'ombe. Anza kwa kuunyoosha polepole mpaka ukaze, ndipo uongeze mafuta. Watazamaji wasimame pembeni mbali, asiwepo hata mmoja kwenye mstari wa mnyororo, mbele wala nyuma.

Kila baada ya mashindano nafanya kitu ambacho yule mzee wa Jinja alinionyesha. Nasafisha mshono kwa brashi ya waya, naupaka mafuta ya taa, naacha yaingie kama dakika kumi. Naufuta ukauke kabisa, kisha napaka chaki iliyopondwa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda kwenye chaki, na unaona mstari mwembamba mweusi kama unywele. Mwezi uliopita nilimwonyesha kijana mmoja mstari wa urefu wa kucha kwenye kona ya kulabu yake, kulabu iliyoshinda siku ile. Akaniambia, "Fundi, si bado inavuta?" Nikawasha grainda nikaikata mbele yake, tukaanza upya na pleti nyingine.