Dira inayopotoka: shughulikia chuma, si dira

Ndugu, umesema dira ya ndege yako inakosea; dira kukosea nyuzi 25 ukielekea mashariki, na skrubu zake za kurekebishia zimefika mwisho, kunanifanya nishuku chuma kilichoshika usumaku karibu nayo. Kwanza ondoa simu na hedseti hapo mbele. Wengi wamehangaika bure kwa hilo tu.

Kisha pitisha dira ndogo ya mkononi taratibu kando ya kila skrubu na bomba la fremu. Ncha moja ya sindano ikivutwa mahali fulani na kusukumwa pengine, umempata mchawi.

Skrubu ibadilishwe kwa ya shaba. Bomba linahitaji koili ya mkondo geu (umeme wa AC) ya kuondolea usumaku. Ng'oa dira kwanza, usije ukaziua sumaku zake. Washa koili, ipitishe juu ya bomba, halafu irudishe nyuma polepole hadi kama mita moja, ndipo uzime. Hapa ndipo watu huharibu: ukizima ikiwa karibu, unaacha usumaku mpya, pengine mbaya kuliko wa mwanzo.

Dira ikirudishwa, fundi mwenye leseni aipime upya ndege ikielekezwa kila nyuzi 30, injini na redio zikiwa zimewashwa, aandike kadi mpya ya kuonyesha makosa ya dira yaliyobaki.